Kabla Hujamwita Fundi: Kibali cha Ofisi ya Uani Mombasa

Ardhi ni ya nani? Hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza kila anayenijia na picha ya chumba kwenye simu, akitaka ofisi ya kufanyia kazi uani kwake. Wengi hushtuka kidogo. Wamekuja kuuliza mabati au makuti, dirisha la alumini au la mbao, nami nawauliza hati. Lakini katika mji huu wetu ofisi ya uani hukwama kwenye udongo mapema kuliko inavyokwama kwenye vipimo, na heri ulijue hilo kabla hujampa fundi hata shilingi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo chini ya msanifu aliyesajiliwa. Tangu korona iwazoeshe watu kufanyia kazi nyumbani, vyumba vya uani ndivyo vinavyonijazia meza: mhasibu wa Bamburi, mwalimu wa Changamwe anayefunza kwa mtandao, wakala wa forodha aliyechoka kulipia ofisi mjini. Hata mimi haya nayaandika ndani ya chumba cha mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba yetu Kisauni, kilichopita njia yote nitakayoieleza.

Udongo kwanza

Mgeni akisikia kwamba Mombasa mtu aweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi ambayo nyumba hiyo imeikalia, hudhani anataniwa. Sisi tumekulia humo. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, nyumba nyingi za Kiswahili zimesimama kwenye ardhi ya mwenye shamba, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi akapewa risiti yake. Utaratibu huo umelea familia vizazi na vizazi. Shida huja unapoongeza kitu kipya. Maombi ya kibali huambatanishwa na hati ya ardhi, na hati hiyo haina jina lako.

Basi mwendee mwenye shamba mapema, kwa heshima yake, na mtoke na karatasi. Neno la mdomo la "jenga tu, mwanangu" ni zuri, lakini waliolisikia wakifa huenda nalo. Barua ya ridhaa itaje nambari ya kiwanja, ukubwa wa chumba, mahali kitakapokaa, na jambo ambalo watu huona haya kulitamka: ardhi ikiuzwa kesho, chumba kitahesabiwa kuwa cha nani na fidia italipwa vipi. Mtafute wakili aisome. Kama mwenye shamba ameshafariki, uliza ni nani aliyepewa na mahakama usimamizi wa mirathi. Saini ya mtoto mmoja kati ya warithi kadhaa haikulindi.

Ikiwa ardhi ni ya wakf, na mjini hapa iko ya kutosha, ridhaa hutoka kwa Makamishna wa Wakf. Usitosheke na neno la msimamizi wa msikiti wa karibu. Na ukiwa mpangaji, kila kitu kinaanza na mwenye nyumba. Ombi la kibali lipelekwe kwa jina lake, wala si lako.

Wenye hati zao wenyewe, hasa wale wa Nyali na Tudor walio na hati za kukodi kutoka serikalini za miaka 99, nawasihi waitoe kabatini waisome mpaka ukurasa wa mwisho. Kule nyuma ndiko yanakokaa masharti. Hati nyingi za namna hiyo husema ardhi itumike kwa nyumba moja ya kuishi pamoja na vibanda vyake, kwamba pasijengwe kitu bila ramani kupitishwa, na kwamba majengo yote yasifunike zaidi ya asilimia fulani ya kiwanja. Hiyo asilimia ndiyo hesabu yako ya kwanza. Tuseme kiwanja ni futi 50 kwa 100, yaani karibu mita za mraba 465, na hati imeruhusu nusu. Una mita za mraba 232 za kuezeka. Ikiwa nyumba, banda la gari na chumba cha mlinzi vimeshakula 225, ofisi ya mita 12 haiingii, hata kama ua unaonekana mweupe na mpana. Afadhali uambiwe hivyo na karatasi yako mwenyewe kuliko na afisa wa kaunti.

Wakazi wa Mji wa Kale mna hatua moja zaidi. Mtaa wenu ni eneo la uhifadhi, na ramani hupitia pia kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Wataangalia kimo, paa, milango, hata rangi. Msilione kama zigo. Ngome ya Yesu iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, na vichochoro vinavyoizunguka ndivyo vinavyoipa maana. Chumba cha chokaa chenye dari la boriti, kilichojificha nyuma ya ukuta wa ua, hupita kwa urahisi kuliko sanduku la bati linaloonekana kutoka njiani.

Video za ng'ambo zisikuponze

Nusu ya wanaonijia wameona kwenye simu Mzungu akijenga ofisi ya mbao bustanini kwake wikendi moja, bila kuuliza mtu. Huko kwao inawezekana. Uingereza, kibanda cha bustani cha ghorofa moja, kisichokaa mbele ya nyumba, ambacho pamoja na nyongeza nyingine hakifuniki zaidi ya nusu ya ardhi iliyozunguka nyumba, na ambacho hakipandi kupita mita 2.5 kikiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani, kwa kawaida hakihitaji kibali cha mipango. Kikiwa chini ya mita za mraba 15 na hakilaliwi na mtu, hata kanuni za ujenzi kwa kawaida hazikigusi. Hiyo ni sheria yao, kwa viwanja vyao.

Huku kwetu inayotawala ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Yenyewe inaita uendelezaji kazi yoyote ifanywayo juu ya ardhi, pamoja na badiliko la maana la matumizi ya jengo au ardhi, na kifungu cha 57 kinakataza kuanza bila idhini ya kaunti. Atakayeanza bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hivyo usitegemee udogo wa chumba. Usitegemee pia kwamba ni cha mbao, au kwamba ni kontena la bandarini ambalo winchi yaweza kuliinua tena. Ukisawazisha ardhi, ukamwaga zege, ukaliketisha kontena juu yake na kulivutia stima, umefanya kazi juu ya ardhi. Nimeona makontena yaliyotiwa alama nyekundu na wakaguzi, na mwenyewe amesimama pembeni akieleza kwamba hilo si jengo.

Jambo jingine: fundi akikwambia "kanuni za ujenzi zinasema hivi", muulize ni zipi. Zile za 1968 tulizozitumia maisha yetu yote zimeondolewa. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilizochapishwa mwaka 2024 zilianza kutumika Machi 2025, na ramani yako itapimwa kwa hizo.

Utembee uani kwa miguu

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na haitaki ada ya mtu. Kabla ya kuchora mstari wowote, ua utembelewe.

Hivi karibuni nilikwenda Likoni kwa mzee mmoja aliyetaka kumjengea binti yake ofisi. Baada ya shikamoo na marahaba akanipeleka moja kwa moja kwenye kona ya nyuma. "Mwanangu, hapa ni patupu kabisa," akanambia. Palikuwa patupu kweli, isipokuwa jiwe pana la kufulia lililoegemea mnazi. Nikamuuliza, "Na chini ya jiwe, baba?" Akasema ni mchanga tu, jiwe lilikuwepo kabla hajanunua nyumba. Vijana wawili wakalisukuma. Chini yake palikuwa na kifuniko cha zege chenye vishikio viwili vya chuma vilivyolika kutu, na ukikigonga kwa kisigino kinaitika. Lilikuwa shimo la maji taka la nyumba nzima.

Sehemu kubwa ya Mombasa haina bomba la maji taka, na kila ua una shimo lake, pengine mawili, la zamani lililofukiwa na jipya. Kujenga juu yake ni hatari ya kutumbukia, ni gesi chini ya sakafu, na siku likijaa gari la kunyonya halina pa kuingiza mpira wake. Muulize mkazi mkongwe kuliko wote nyumbani. Fuata bomba kutoka chooni hadi linakoishia. Weka alama kwenye karatasi: shimo, kisima, tangi la maji la chini, mita, nyaya zinazopita juu, miti mikubwa. Nyaya za Kenya Power zikikatiza juu ya ua, chumba kihame. Nyaya hazitahama.

Halafu mipaka. Ukuta wa ua si mpaka mpaka uthibitishwe. Mpaka ni mawe ya sorovea, yale tunayoyaita bikoni, na katika mitaa ya zamani mengi yamezikwa au yameng'olewa wakati wa kujenga kuta. Mlipe mpimaji aliyepewa leseni ayatafute, kisha uvute kamba ya mwashi kutoka jiwe hadi jiwe. Ukishaiona ile kamba imenyooka hewani, ndipo utakapojua una nafasi gani. Umbali wa kuacha kati ya jengo na mpaka, na kati ya jengo na barabara, hutegemea ukanda wa mtaa wako, yaani matumizi ambayo kaunti imeupangia. Kauliize kwenye idara ya mipango ya kaunti, ukiwa na nambari ya kiwanja mkononi, kabla ya kuchorewa. Usichukue kipimo cha jirani ukadhani ni chako.

Jirani na stara yake

Sheria itakwambia umbali, lakini haitakwambia kila kitu kuhusu dirisha. Ua wa Kiswahili ni chumba cha nyumba ambacho hakina paa. Ndimo wanamopikia, wanamosukana nywele, wanamoanikia nguo, na mwanamke hukaa humo bila buibui. Ukiinua chumba chako futi mbili kutoka ardhini na kufungua dirisha juu ya ukuta wa jirani, umemvua stara, na hata kaunti ikipitisha ramani hiyo mimi siwezi kuichora.

Weka dirisha kubwa upande wa ua wako mwenyewe. Upande wa jirani weka matofali ya matundu au kidirisha cha juu, chini tu ya paa, kinacholeta hewa na hakitoi macho. Maji ya paa nayo yaangukie kwako. Elekeza mteremko ndani, tia mfereji na pipa. Masika ya Aprili na Mei hayana huruma, na paa dogo la mita 12 likimwagia ukuta wa mwenzio mwezi mzima utavimba na kumeguka.

Kisha chukua ramani ukamwonyeshe. Umwendee na kikombe cha kahawa jioni, umweleze mambo yatakuwa wapi na kazi itaanza lini. Ninasisitiza jambo hili kuliko fomu zozote, kwa sababu malalamiko mengi yanayofika kaunti hupelekwa na jirani aliyeamshwa na kelele za msumeno bila kuambiwa.

Maombi yenyewe

Ramani isainiwe na kupigwa muhuri na msanifu aliyesajiliwa na bodi yao. Mimi mchora ramani siwezi kuipitisha kwa jina langu, na anayekuahidi hivyo mkimbie. Ikiwa umeweka zege la juu au ghorofa, mhandisi naye atasaini. Ndiyo maana kwa ofisi ya uani nashauri paa jepesi la mabati au vigae, lisilotaka nguzo nzito. Makuti yanapendeza na yanapoza, ila yanashika moto upesi. Usiyaweke karibu na mpaka wala karibu na jiko la mtu.

Pamoja na ramani peleka nakala ya hati na matokeo mapya ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, ramani ya upimaji ya kiwanja, ushahidi kwamba kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa, na barua ya ridhaa kama ardhi si yako. Kwenye kodi ndipo wengi hukwama: familia imekaa miaka bila kulipa, deni limezaa, na faili haliendi mbele. Lishughulikie hilo mwanzo, uombe kulipa kwa awamu. Ada za kupitisha ramani hupangwa na sheria ya fedha ya kaunti na hubadilika, kwa hivyo uliza kiasi cha mwaka huu, ulipe kwa njia rasmi ya kaunti na uitunze risiti. Pesa za mkononi za "kuharakisha" hazina risiti, na siku mkaguzi mwingine akija hazitakusemea.

Kwenye ramani andika ukweli. Watu huniomba niandike "stoo" ili mambo yawe mepesi. Sikubali. Stoo haina madirisha ya kutosha wala mpango wa stima wa mtu kukaa saa nane ndani, na mkaguzi akikuta meza, kiti na kompyuta, ramani yako imekuwa ushahidi dhidi yako. Andika "chumba cha kazi cha nyumbani". Na kama hukihitaji sana, usiweke choo. Choo huleta bomba, shimo na maswali ya afya, na pia hukifanya chumba kifanane na nyumba ya kupangisha, jambo ambalo hati ya nyumba moja haikuruhusu.

Sheria inasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, idhini huhesabiwa imetolewa. Ni kinga nzuri kwa mwananchi, lakini simshauri mtu achimbe msingi kwa kuhesabu siku tu. Andika barua ya kukumbusha, igongwe muhuri wa kupokewa, na uende na nakala yake ofisini. Mkaguzi anayesimama langoni kwako anataka kuona karatasi. Ukikataliwa, sababu ziwe kwa maandishi. Una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango, na ukishindwa hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mara nyingi haifiki huko. Ramani hurudishwa kwa ajili ya dirisha au umbali, unarekebisha, unairudisha.

Wateja wakianza kuja

Wewe na kompyuta yako mkikaa uani, nyumba bado ni nyumba. Siku utakapotundika bango langoni, ukaajiri wawili, wateja wakapanga foleni na magari yakaziba njia, matumizi yamebadilika na hilo lina maombi yake, ambayo majirani hupewa nafasi ya kuyatolea maoni. Leseni ya biashara ya kaunti ni jambo la tatu, mbali na hayo mawili. Mwalimu anayefunza kwa mtandao hana haja ya kuhangaika na mabadiliko ya matumizi. Mshonaji anayepima wateja kutwa anayo.

Msingi, upepo na stima

Kibali kikitoka, soma masharti yake na uiweke nakala kwenye eneo la kazi. Mjulishe mkaguzi kabla ya kumwaga zege la msingi, maana hawezi kukagua nondo zilizofukiwa. Anayekujengea awe mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na hilo pia uliulize mapema.

Upepo wetu una majira mawili, na chumba kinachoyajua hakitaki kiyoyozi mwaka mzima. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili. Ukifungua upande wa mashariki na ukatoboa njia ya hewa upande wa pili, yote mawili yatapita. Upande wa magharibi acha ukuta mtupu au mti. Jua la alasiri la Mombasa halikai na mtu mezani.

Stima ivutwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, kwa waya wake kutoka kwenye boksi kuu, na breka yake na waya wa ardhini. Usipitishe ekstensheni dirishani hata kwa muda. Hewa ya chumvi hula viungo vya waya haraka kuliko tunavyodhani. Anayekuwekea sola naye awe na leseni ya sola, ambayo ni tofauti na ile ya fundi wa stima wa kawaida. Mwombe aionyeshe, usome jina na tarehe yake ya mwisho.

Kazi ikikamilika omba cheti cha kuhamia, kile kinachoruhusu jengo lianze kutumika, ukiweke faili moja na ramani zenye muhuri, kibali, barua ya ridhaa na risiti zote. Benki ikikopesha juu ya nyumba, au mnunuzi akija na wakili wake, faili hilo ndilo litakaloombwa kwanza.